Kisu Ulichompa Hamisi

Mabula, rafiki yangu,

Mwangaluka. Sijui kama huko uliko kuna asubuhi, lakini ndivyo nilivyokusalimu kila siku mlangoni mwa kiwanda chako, nawe ukaitikia bila kuinua macho kwenye moto. Mimi Shija, mchinjaji wako, ni mzima. Nyumbani hawajambo. Mvua imekuja vizuri, mtama umesimama. Basi salamu zimetosha, maana nimekukasirikia, na nikizidi kusalimu hasira itanipoa.

Hamisi anakalia jiwe langu.

Lile la mlangoni, Mabula. Nimelikalia tangu ulipohamia hapa Geita kufuata vyuma chakavu vya mgodi. Sasa linakaliwa na kanzu nyeupe na kikombe cha kahawa, na mwenye kanzu anawaambia watu kwamba visu hivi vya kukunja ni vya marehemu Mabula, hakuna mfano wake kutoka hapa hadi Shinyanga. Kiswahili chake cha Ujiji kinateleza kama mlenda. Mimi nikifungua kinywa, ulimi wangu wa Kisukuma cha Mhunze unajikwaa, na watu wanacheka kabla sijamaliza.

Umesahau tulivyokuwa? Hakuna kisu kilichouzwa kabla mimi sijakichunia. Hukunikabidhi, ulinirushia, ukasema, "Haya, nenda kanitukane." Nakwenda nacho machinjioni, nachuna nacho ng'ombe mzima, jioni narudi na matusi. Hiki mpini wake unateleza ukipata damu. Hiki umekitia maji kupita kiasi, ncha imemeguka kwenye goti. Wewe unavimba! Unaniita mchawi, unaniambia niende dukani nikanunue vya Wazungu. Kisha unanipa mgongo, na kisu kinarudi motoni. Ndiyo maana vya kwako vilivishinda vya dukani. Mtu akiwa na kisu chenye alama yako ya pembe mbili alikitoa mfukoni hata kama hana cha kukata, ili aonekane tu.

Halafu akaja Hamisi na biashara zake, mwaka ule ule ulipoanza kukohoa. Nikawa nafika nawakuta mnacheka, nikikaa mnanyamaza. Mimi hukuwahi kucheka nami hivyo. Nami tulikuwa tunagombana tu. Niliona wivu, Mabula, nakuambia wazi. Mtu akimwonea wivu mke wake watu wanamwelewa. Lakini mwanamume mzima, mwenye wajukuu, anayeona wivu kwa sababu rafiki yake amepata rafiki mwingine, huyo atamweleza nani? Nikawa nachuna ng'ombe kwa hasira.

Na siku ya matanga yako, Hamisi akatoa kisu mfukoni. Mpini wa pembe nyeusi, shaba pembeni, alama yako. Akasema, na machozi yakimtoka, "Alinitengenezea mimi kwa mkono wake." Ebo! Mimi niliyeshika kila kisu chako sina hata kimoja. Vyote nilivitumia nikavirudisha, ndiyo ilikuwa kazi yangu, na hata siku moja hukusema, Shija, hiki baki nacho. Yeye, mtu wa juzi, anacho. Na hicho hukukipitisha kwangu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, na watu wakasema jamani, Shija anamlilia rafiki yake. Nusu ya kilio ilikuwa yako. Nusu nyingine ilikuwa ya kisu.

Sasa sikiliza yaliyotokea tangu uende. Mama Kulwa, mkeo, ndiye mwenye kiwanda. Nkwabi, fundi uliyemfundisha, anafua. Hamisi anauza. Mimi hakuna anayenirushia kitu. Nilikuwa napita njia ya mbali nisiwaone, lakini visu niliviona, maana vimejaa mifukoni mwa wachimbaji. Kwa macho ni vizuri, tena vizuri kuliko vya zamani. Ila ukivibana kwa nguvu vinacheza. Ule utepe wa chuma wa mgongoni, unaozuia kisu kisijifunge chenyewe, umelegea.

Mchimbaji mmoja alikuwa anamenya muhogo, kisu kikajifunga juu ya kidole chake. Alirudi kiwandani bila fujo, kidole kimefungwa kitambaa, akasema jamani, nimekinunua kwa sababu ya jina, angalieni tatizo ni nini. Hamisi akamjibu kwamba anakishika vibaya. Kukishika vibaya! Wewe uliniita mchawi, lakini hukuwahi kumwambia mteja kwamba kosa ni la mkono wake.

Nilishindwa kuvumilia. Nikasimama katikati ya soko nikapiga kelele kwamba visu hivyo ni vibaya na vinalichafua jina la marehemu. Unajua waliniambiaje? "Mzee Shija, huo ni wivu." Na walichosema kilikuwa kweli, ndicho kilichonifunga mdomo. Kisu kilikuwa kibaya, na wivu nao nilikuwa nao. Hata mimi mwenyewe sikujua nilipiga kelele kwa sababu ya kipi.

Mama Kulwa akaniita. Alikuwa amepanga visu juu ya ngozi mbele ya kiwanda, na mbuzi amekwisha chinjwa, ananingoja. Nkwabi alikuwepo, Hamisi alikuwepo. Mkeo akaniambia, "Shemeji, watu wanarudi na vidole vyenye vitambaa. Moto huu ukizimika, watoto wa rafiki yako watakula nini? Leo sema. Lakini kiseme kisu, usimseme Hamisi."

Nikavua shati. Nikaanza na vya Nkwabi, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilitetemeka pale nilipofika mbavuni, penye ngozi iliyoshika. Nikasema. Hamisi akatoa chake. Akasema kama vya Nkwabi ni vibaya basi na hiki ni kibaya, kwa sababu vyote vimepimwa kutoka kwa hiki. Ndipo nilipoelewa, Mabula. Visu vyako vyote vizuri viliuzwa, vimekwenda zao Chato, Mwanza, Tabora. Kilichobaki karibu na kiwanda ni cha Hamisi peke yake, na Nkwabi, maskini, hakuwa na kingine cha kuigia.

Nilikishika. Loo, kilikaa mkononi! Nilitaka kiwe kibaya kwa sababu ni chake, na nilitaka kiwe kizuri kwa sababu ni chako. Nikachuna mguu, nikachuna tumbo, kikakata kama zamani. Nikafika mbavuni. Kikatetemeka.

Mama Kulwa akasema, "Shemeji, na hicho je?" Ningeweza kudanganya. Nilikufikiria ukikifua huku unakohoa, mkono hauna nguvu ya kukikunja chuma kile cha springi za lori, ukatafuta chuma laini ili umalize. Nikasema. Nikasema kisu hiki ni kibovu, utepe wake ni laini, Mabula alikuwa mgonjwa, na ninyi mmekuwa mkiuiga ugonjwa wake. Mkeo akafunika uso na khanga. Nkwabi akaenda kuwasha moto.

Nilidhani Hamisi atanitukana. Hakunitukana. Alisimama kando ya jiwe, akasema polepole, "Aliniambia nikifiche. Aliniambia, usimwonyeshe Shija."

Ala! Kumbe ndivyo. Mwaka mzima nimeumwa na wivu juu ya kisu ulichokionea haya mbele yangu. Ulimpa yeye kwa sababu yeye atasifu. Ukanificha mimi kwa sababu mimi nitasema. Ungenirushia tu, Mabula! Ungeniambia nenda kanitukane, kama siku zote. Ningekutukana, ungeniita mchawi, tungekuwa pamoja hadi mwisho.

Nkwabi alitaka kukirudisha kisu hicho motoni akitengeneze upya. Hamisi akakataa. Akasema atakaa nacho hivyo hivyo na ubovu wake, akakibusu akakitia mfukoni. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwonea wivu tena, hapo hapo, kwa ule ubovu.

Sasa Nkwabi ananirushia visu. Cha kwanza nimekikataa, cha pili nimekikataa, amekwisha niita mchawi, kwa hiyo mambo yanakwenda vizuri. Jiwe tunalikalia wote wawili, Hamisi na mimi, tumepeana mgongo. Nakuahidi hakuna kisu chenye pembe zako mbili kitakachotoka hapa kinatetemeka maadamu nina mkono wa kuchunia. Watoto wako watakula.

Lala salama, rafiki yangu. Lakini usilale sana. Tafuta huko chuma kizuri, uwashe moto, unitengenezee kimoja kiwe changu. Nikija nitakikosoa.

Wako anayekutukana,
Shija