Ziwa Moja, Migongo Miwili

Mjukuu wangu Swaleh, miguu yako imeota mizizi huko Mombasa? Idi mbili zimepita hujaja! Haya, salamu alaykum. Mamako mzima, na Zuhura wa jirani ndiye anayeniandikia.

Waniuliza mbona mgongo wangu umepinda, na ya marika yangu wa mjini imenyooka. Sikiza. Nilipokuwa msichana, nilifuatana na bibi yangu kutoka hapa kijijini Kipungani kupeleka mkeka nyumba moja ya mjini. Mwenye nyumba akamwambia, "Karibu, mama, pumzika." Bibi akacheka hata mkeka ukamwanguka. "Mama? Mimi nawe tumenyonya ziwa moja, mwaka mmoja! Mamangu ndiye aliyekunyonyesha!" Yule akamtazama mgongo, akainama kumwokotea mkeka. Maziwa ni yale yale, lakini yeye alikuwa na kisima ndani ya nyumba. Bibi alikuwa na ndia ya mchanga ya kwenda kisimani, na mtungi kichwani. Mtungi huo nami nikaurithi.

Sasa, mwanangu, bomba limefika mlangoni kwangu! Leo nimelifungua mara saba, nilisikie tu!

Ukija, usiniletee bakora. Niletee mpira wa maji, mrefu, ufike hadi kwa Bi Esha, mwenzangu wa nyumba ya pili. Kwake bomba halijafika, na bado ananyanyua ndoo.