Kizibo cha Juu Kwanza

Nurdine, mume wangu,

Nimekwenda Quionga kumtazama dada yangu Somoe, nitarudi baada ya alasiri. Samaki yumo chunguni, wali nimeufunika. Landrova usiiwashe, difu ya nyuma, ile ya kuzungushia magurudumu, ni kavu.

Asubuhi nilikwambia ufungue kizibo cha juu kwanza, cha kutilia, ndipo ufungue cha chini. Ukacheka: "Bibi, ufundi umesomea shikola ipi?" Ukafungua cha chini, oleo yote, mafuta ya difu, ikamwagika, na cha juu kimeganda mpaka sasa. Haya, oleo mpya utaitilia wapi?

Nilisomea chini ya gari hilo hilo. Marehemu babu yako akilala kwenye jamvi, mimi nikimshikia bakuli, na kila mara alisema, "Bismillahi, cha juu." Mikono yake ilinuka oleo hata siku ya Idi. Leo naitamani harufu ile kuliko udi.

Najua watu wa gesi wanalingoja gari kesho, na kazi hiyo unaitaka sana. Kizibo nimekipaka mafuta ya taa. Kigonge polepole kwa nyundo ya babu yako, ipo nyuma ya mtungi. ~~Ufunguo wa gari nimeondoka nao.~~ Ufunguo uko chini ya sahani yako.

Jamvi lake nimekutandikia.

Bibi, mkeo wa kwanza