Moshi wa Nyumba Moja

Mtaa wa Mahema, Mlima wa Kaskazini
Ulaanbaatar, siku ya pili ya Tisa ya Nne

Kaka yangu Luvsan, mwenzangu katika mapambano ya pumzi,

Je, unaupitisha salama msimu huu wa baridi? Shemeji Nomin hajambo? Watoto wananenepa? Mama anakusalimu. Kikohozi kimempungua, na leo ameweza kukaa na kukoroga mwenyewe chai ya maziwa na chumvi. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili. Ningependa salamu hizi ziwe ndefu, maana ni wewe uliyenifundisha kwamba barua kwa mkubwa haianzi na lawama. Lakini nimeshika kalamu kukulaumu, na sitajificha nyuma ya adabu.

Unaikumbuka siku ile ya vuli katika ukumbi wa shule? Nilisimama juu ya benchi, mwanafunzi wa chuo wa mwaka wa tatu mliyemfanya mwenyekiti wa kamati ya mtaa, mwenye sauti kubwa kuliko umri wake, nikawauliza majirani zetu mpaka lini tutanunua kwa magunia makaa ya mawe yanayotuua. Nikawatajia baba, ambaye mapafu yake yalizimika kabla ya mvi kumfika. Wengine walitaka yale makaa yaliyosagwa na kubanwa kama matofali. Nikawaambia kwamba hayo nayo hutoa sumu isiyo na harufu. Mimi nilitaka umeme: hita ukutani, sufi mpya juu ya hema, na majiko yote ya chuma yatoke, yasibaki hata moja, kwa sababu jiko moja likibaki, jirani naye atabakiza lake.

Ndipo akainuka Bi Khorloo, mshonaji wa viatu vya sufi, akaniuliza mbele ya watu wote: “Mwanangu, umesoma, hongera. Sasa niambie, huo waya wako ukilala Tisa ya Tatu, niukumbatie?” Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu mmoja nyuma akadakia kwamba angalau waya hauna harufu ya mguu kama mume wake. Nani asiyejua kwamba katika zile tisa tisa, siku tisa mara tisa, tunazohesabia baridi, Tisa ya Tatu ndiyo isiyo na huruma?

Jibu lilitoka kwako, kaka. Ulisimama na koti lako la ofisi ya umeme, ukasema transfoma mpya imekwisha kuagizwa, na itakuwa juu ya nguzo kabla Tisa ya Kwanza haijaingia. Bi Khorloo alipokukazia macho, ulimwambia: “Mama, mimi nimezaliwa mtaa huu huu. Nitakudanganyaje?” Mikono ikainuka. Kaya ishirini na sita, kaka! Haikuinuka kwa ajili ya hotuba yangu, iliinuka kwa ajili ya neno lako.

Siku ya kukabidhi majiko hukuja, ukasema una kazi. Lori lilisimama chini ya mteremko na kila nyumba ikaleta lake. Wazee walilia. Bi Khorloo alikuja na bakuli la maziwa, akalinyunyizia kila jiko kuliaga. Alipofika kwenye jiko la baba yetu alisimama muda mrefu zaidi, akammiminia marehemu maziwa yote yaliyosalia.

Transfoma haikuja. Siku ya nne ya Tisa ya Tatu, saa moja asubuhi, ile ya zamani ikaelemewa, hita zikazima mtaa mzima, na nje ilikuwa nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Nilipiga simu yako mara kumi na moja. Nikashuka mlima kwa miguu mpaka gorofani kwenu. Shemeji alinifungulia akiwa amevaa fulana ya mikono mifupi, akanicheka: “Shemeji, vua hilo koti, humu kunachoma!” Akafungua dirisha, kaka, ili joto la mabomba yenu litoke nje. Nikamweleza. Akashangaa kwa moyo mweupe, akasema alidhani tunajua. Wewe mwenyewe ulileta nyumbani barua kutoka ofisini tangu majani yalipoanza kuanguka, ya kwamba transfoma itafungwa kiangazi kijacho. Ofisi ilikutaka unyamaze mpaka orodha ya kaya itimie, na wiki ile ile mkapewa funguo za gorofa. Akanionyesha barua. Tarehe yake ni siku tatu kabla ya mkutano wetu.

Siku tatu! Ulikuwa nayo ulipomwita yule mwanamke mama. Tulipigana na moshi, tukapigana na uzembe wa wakubwa, tukapigana na hofu ya watu wetu wenyewe. Hatukujua kwamba adui amekaa benchi la mbele, na tumemwandalia chai. Sikulilia baridi. Nililia kwa sababu nilikuwa nimejifunza kusema hapana kwa kukutazama wewe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenizuia kuandika kwa siku tano. Wewe unajua kwamba mimi ni kitindamimba, na kwamba moto wa baba ni wangu kuulinda. Usiku wa kuamkia siku ya lori sikuweza kulitoa jiko lake. Nilikuwa nimewaambia wazee kwamba moto ni moto tu, na mikono yangu ikakataa. Jiko nililolikabidhi nililiokota kwa wauza vyuma chakavu. La baba nililiviringisha sufi kuukuu nikalificha ghalani. Mama aliniona.

Siku ya pili ya giza hilo midomo ya mama ilikuwa ya buluu. Nikalitoa jiko, nikaliwasha adhuhuri, kweupe. Mlima mzima ulikuwa na anga safi kama tulivyoiota, na katikati ya anga hiyo ukapanda moshi wa nyumba moja, nyumba ya mwenyekiti. Watu wakaufuata. Tulijaa ishirini hemani, goti kwa goti. Bi Khorloo aliletwa mwisho. Alikuwa amekaa siku mbili ndani ya mablanketi, kwa sababu aliahidi. Akalitazama lile jiko, ule mlango wenye bonde ulipogongwa na shoka la baba, akalitambua. Akasema taratibu: “Kumbe maziwa yangu niliyanywesha takataka.” Kisha akanyoosha mikono kwenye moto, na sote tukaona kwamba vidole viwili vimekwisha kuwa vyeusi. Madaktari wamevikata. Vilikuwa vya mkono wa sindano.

Kwa hiyo sikuandikii kama msafi anayemwandikia mchafu. Wewe ulificha karatasi, mimi nikaficha jiko. Sote wawili tulikuwa na mahali pa kukimbilia, na tuliwataka watu wasiwe napo.

Majirani wanataka kurudi kwenye magunia ya makaa, na siwezi kuwazuia kwa hotuba. Wanastahili kwanza kuujua ukweli, ndipo wachague moto wao. Nitalibeba jiko la baba mpaka katikati ya ukumbi, niseme niliyoyafanya, na niuache uenyekiti. Karibu yake nitaweka kiti chako. Uje na ile barua, uisome kwa sauti yako. Bi Khorloo anatoka hospitali Ijumaa. Amesema atakuja kupiga kura kwa mkono uliosalia mzima.

Msalimie shemeji, umwambie simlaumu. Wapakate watoto kwa niaba yangu. Mama amekuwekea bakuli lako la Mwezi Mweupe, sikukuu yetu ya mwaka mpya, na hajui bado kwa nini sipendi kulitazama.

Mkutano ni Jumamosi, saa nne asubuhi, ukumbi ule ule wa shule. Uvae nguo nzito, kaka. Humo hamna moto.

Mdogo wako,
Tulga