Hirizi Haivuliwi

Basi ndiye yeye, Da Zuhura, ndiye aliyenioa: Nassir yuleyule uliyekuwa ukimwita Bwana Udi. Kila jioni ananiletea kikuba cha maua ya asumini, nami hujifanya sijui kukifunga ili anifungie mwenyewe. Tangu tukuzike sikudhani nitacheka tena hivi. Nimependwa, dada, mpaka naona haya.

Lakini nina hasira.

Juzi nilimsindikiza mama mkwe hospitali Mombasa. Kumbe naye ana sonona, ugonjwa uleule uliokulaza chumbani kwetu Malindi, madirisha yamefungwa, uji unapoa. Alikaa kwenye kiti kilekile cha matibabu ya sumaku ulichopelekwa wewe. Muuguzi akamwomba avue vyuma vyote vya kichwani na shingoni. Akavua vipuli, kisha hirizi yake ya fedha, akanitilia kiganjani. "Nishikie, mwanangu. Mungu hatanisahau kwa kitambo hiki."

Wakamwekea kifaa kichwani, kikagonga ta-ta-ta kama kigong'ota. Hakulazwa usingizi, hakurushwa na umeme. Alilalamika tu kwamba kina kelele kunishinda mimi. Nikacheka. Kisha ile hirizi ikawa kama kaa la moto mkononi mwangu.

Wewe ulikwisha kukaa kitini, dada. Ulikwisha kukubali. Ni Shangazi Mwanakombo aliyesimama mlangoni: "Hirizi haivuliwi. Mwataka mashetani wamwingie?" Muuguzi alimweleza, mimi nilimsihi mpaka nikalia. Akakushika mkono, akakurudisha nyumbani. Ukaacha kula. Homa ilipokuja haikukuta mtu wa kupambana nayo.

Sisemi sumaku ingekuponya. Daktari hakutuahidi, na mama mkwe ndiyo kwanza ameanza kuuliza mbona mchuzi hauna chumvi. Nasema ulinyimwa kujaribu. Kwa nini? Kwa nini, dada?

Na siku ya kukuosha, nani alikuvua hirizi? Shangazi huyohuyo. Aliivua kwa mkono mmoja. Kwenye harusi yangu akaniletea imefungwa kwenye leso: "Vaa, ya dadako hii, ikulinde." Watu wakatokwa na machozi. Mimi sijaivaa.

Pumzika, Da Zuhura wangu. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja. Nassir ataingia akumwagilie maji kaburini, mimi, kwa kuwa mwanamke, nitasimama nje ya ukuta. Shangazi nitakuja naye. Hirizi nitamshikisha yeye, akueleze kwa mdomo wake ilivulikaje.

Mdogo wako,
Rukia