Pole ya Wavuvi wa Kivukoni

Mama Neema mpenzi, nakusalimu kutoka Ifakara, miguu ikiwa kwenye beseni.

Leo nimezimaliza! Zile kilomita ishirini na moja zilizonishinda miaka minne, huku ukinifuata kwa baiskeli na chupa ya maji. Bibi mmoja aliyekuwa akianika mpunga barabarani alinipigia kelele: “Mjukuu wangu, nani kafa?” Huku mtu mzima hakimbii bure. “Shikamoo bibi, ni mazoezi tu!” Hakuamini.

Nilipofika darajani Kivukoni nikaangua kilio cha furaha. Wavuvi wakanizunguka, wakanipa pole ya msiba. Nikaipokea, maana hukuwepo.

Jaza baiskeli upepo, mke wangu. Nakuja tuzirudie, za leo bila wewe sizihesabu.

Baba Neema