Mlango Aliouacha Baba Rehema

Jumapili, 2 Machi
Nimefua. Nimesahihisha madaftari ya darasa la sita. Nimefunga banda la kuku kwa kamba, kwa sababu mlango wake una mbao mbili tu. Baba Rehema huacha hivyo kila jeshi linapomwita: kazi nusu, ili nyumba imdai arudi. Kwao ndiyo desturi, tangu baba yake, naye askari. Mama mkwe anaulinda huo mlango kuliko kuku wenyewe. Huu ni mwezi wa tisa sasa yuko misheni ya jeshi, nje ya nchi. Leo nimemkumbuka mno.

Jumatano, 5 Machi
Barua imekuja. Nimeteuliwa kuwa mwalimu mkuu, shule moja karibu na Nduguti. Nimejifungia chooni nikaisoma mara tatu. Wanataka jibu kabla ya tarehe 14. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 6 Machi
Baba Rehema amepiga simu. Kabla sijatoa langu, akatoa lake: akirudi anapelekwa kambi ya kusini, nyumba ya familia ipo, nianze kufuatilia uhamisho. Nikasema sawa. Eti sawa! Hii itakuwa mara ya nne. Kila kambi naanza upya, mwalimu mgeni wa kutupiwa darasa la kwanza. Nampenda sana yule mtu. Na nimechoka kufungasha masufuria.

Jumapili, 9 Machi
Kicheche kaingia bandani usiku. Kaua kuku saba, akiwemo jogoo mwekundu tuliyemtunzia Baba Rehema. Manyoya uwanja mzima. Rehema amelia mpaka akapata kwikwi. Mama mkwe anasema tufunge kwa waya, mlango asiuguse mtu. Nimeuchukia ule mlango. Nikajiona na mimi nimeachwa hivyo hivyo, nusu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetoka shule, nimeshika nyundo, nimepigilia mbao zote. Msumari mmoja umepinda, basi. Mama akanifuma.
"Mama Rehema! Unamfungia mwanangu njia!"
Chakula changu hajakigusa. Usiku nimeandika barua ya kukubali.

Jumatano, 12 Machi
Barua nimeipeleka asubuhi. Jioni Baba Rehema akapiga, nikamwambia yote kwa pumzi moja: kuku, mlango, Nduguti.
"Mwalimu mkuu?" akauliza. Kisha nikamsikia akiwatangazia wenzake, anapiga kelele kama kashinda mpira.
Baadaye sauti ikashuka. Kusini atakwenda peke yake, likizo atakuja Nduguti. Ameumia, namjua. Nami nimeumia. Akaomba aongee na mama yake. Sijui walisema nini, ila mama amekula ugali wote na mboga akaongeza.

Jumamosi, 5 Aprili
Nduguti. Nyumba ina nyufa, upepo unaingia unavyotaka. Mama amekuja kutusaidia kupanga vitu, na kuku watatu kwenye tenga. Asubuhi tumejenga banda, yeye anashika mbao, mimi napigilia. Tulipofika ubao wa mwisho wa mlango, akanipokonya nyundo. Ubao akauegemeza ukutani, na misumari minne akaitia kwenye kopo juu ya dirisha.
Nimeziba pengo kwa waya, kicheche asipite. Rehema ameambiwa kopo lile ni la baba, asilichezee. Tumekunywa chai.