Kiberiti Kimoja Nyuma

Baba,

Leo nimefanya kile ulichonikataza, na nimeona heri nikuambie mwenyewe.

Tangu turudi kutoka kukuzika Bungoma, banda letu la useremala hapa Shauri Moyo halijafungwa hata siku moja. Baba mdogo Wanyonyi ndiye anayesimama kwenye meza yako ya kazi. Mutua bado anapiga randa huku akilalamikia kiuno. Tunatengeneza viti vile vile vyako vya mezani, vyenye mgongo unaolala nyuma kidogo, na watu wa Makongeni bado wanavifuata. Kadibodi zako za kuchorea mbao ndizo zilizotushinda. Panya walitafuna kingo, mvua ikazivimbisha, na mguu wa mbele ukaanza kunenepa kwa sababu kila fundi alipitisha penseli alivyojisikia. Nikasema nitaziingiza kwenye kompyuta.

Ungenicheka sana. Kile chuo cha Jogoo Road nilikosomea taipu kiliniruhusu kutumia mashine yao saa ya chakula cha mchana. Nililaza kila kadibodi juu ya karatasi ya miraba, nikahesabu miraba, nikaandika nukta moja moja, kompyuta ikaziunganisha kuwa mstari. Printa yao ni ndogo, kwa hiyo mguu mmoja hutoka kwenye karatasi sita. Naweka alama za msalaba pembeni ili zikutane, nazigundisha kwa uji wa ngano, kisha nazibandika kwenye plaiwudi. Mara ya kwanza mashine ilipunguza mchoro ili uenee kwenye karatasi, wala haikuniuliza. Mutua akakata kiti kizima. Alipokikalia, magoti yalipanda kama ya panzi. "Hii ni ya nasari, Nekesa!" alisema, na baba mdogo akacheka kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Siku hizi kila karatasi ina mraba wa sentimita kumi, na naupima kwa rula kabla mtu hajagusa msumeno.

Lakini mguu wa nyuma, Baba.

Unakumbuka siku uliyonifungia mlango wa banda, ukanionyesha? Kadibodi ya mguu wa nyuma ulikuwa umeikata imenyooka makusudi. Unachora nusu ya chini, unapigilia msumari kwenye tundu la katikati, unasukuma kichwa cha kadibodi nyuma kwa urefu wa kiberiti kimoja, ndipo unachora nusu ya juu. Mgongo wote wa kiti uko hapo. Yule fundi aliyehamia Gikomba na nakala za kadibodi zako hakujua hilo, ndiyo maana mtu akikalia viti vyake anakaa kama ameitwa kuandikisha taarifa polisi. Hukumwambia ndugu yako. Hukumwambia hata Mama. Ulinipa mimi kile kiberiti, ukasema, "Usimwonyeshe mtu. Ukibaki na hii kichwani, hakuna mtu atakufukuza hapa."

Nilijua ulikuwa unaogopa nini. Mimi ni msichana, na banda lingekuwa la baba mdogo kabla udongo haujakauka. Ulinikinga. Na kweli hakuna aliyenifukuza. Ila hakuna aliyeweza kuniachilia pia. Mwaka jana nilipata nafasi Eldoret ya kusomea kuchora ramani za majengo, nikaiacha ipite. Mwaka huu nimeipata tena, na natakiwa kuripoti Jumatatu. Mama akasema, "Nekesa, usituache hivi hivi." Mutua akasema, "Sasa ukienda, mguu ya nyuma nani atakata?" Kila asubuhi nikifungua kufuli la banda nahisi najifungia mimi.

Nimekukasirikia, Baba. Nakupenda na nimekukasirikia.

Tena ubaya haukuwa wako peke yako. Kazi ya kompyuta niliianzisha ili niweze kuondoka, halafu kila nilipochapisha niliacha mguu wa nyuma umenyooka, kama wewe. Niliwaambia mashine haiwezi kila kitu. Kisha nikajificha nyuma ya mlango na kiberiti mfukoni, nikachora ile nusu ya juu mwenyewe. Wiki tatu nimedanganya watu wanaonipa chai. Niliogopa wakijua, siku moja nitarudi na nisikute kwangu.

Leo mchana niliandika zile nukta. Zilikuwa chache tu, Baba, nilimaliza kabla chai haijapoa. Mstari ukalala nyuma kwenye skrini, na nilikuona umeegemea.

Nilimpa baba mdogo karatasi zake, akakata mguu bila mimi. Nilikaa nje juu ya kigogo, nikasikiliza msumeno. Kiti kilipofungwa akakikalia, akaegemea polepole kama anaogopa kuanguka, akafumba macho. "Hii ni ya ndugu yangu," akasema. Alipofumbua macho akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa unaondoka lini?"

Ndilo swali nililolitamani mwaka mzima. Liliniuma mpaka nikageuka ukutani.

Nimemwachia baba mdogo diski yenye michoro yote, awe anaipeleka chuoni kuchapisha. Kile kiberiti kimekaa mfukoni mwangu tangu ulipokuwa hai, sikuwahi kuwasha hata njiti moja. Nimempa Mama. Alinitazama, labda alikuwa anajua siku zote, sijui. Akatoa njiti, akawasha jiko, akateleka chai ya watu wote.

Lala, Baba. Nikienda Eldoret nitajifunza vizuri, na siku nikimfundisha mtu, nitamwonyesha mstari wote.

Binti yako wa mguu wa nyuma,
Nekesa